Machela Kando ya Ziwa: Mbu wa Nyakach Huja Kutokea Mgongoni

Machela imeanza kuonekana kila mahali ambapo vijana wa mjini hupiga kambi wikendi. Ni kitambaa kirefu kinachofungwa kati ya miti miwili. Kikikunjwa kinaingia kwenye begi la mgongoni pamoja na nguo, na hakidai ardhi tambarare wala vigingi. Kwa msafiri anayetoka Kisumu akapita Ahero na Katito kuelekea Pap Onditi, ambako tambarare ya Nyakach imelala kati ya uwanda wa juu wa Nyabondo na Ghuba ya Winam, machela ina faida nyingine tena. Mvua za masika zikikolea, udongo mweusi wa huku hugeuka tope zito linalong'ang'ania viatu, na hema lililosimikwa juu yake hukutwa asubuhi likiwa katikati ya dimbwi. Aliyelala hewani huamka mkavu.

Lakini machela ina udhaifu ambao wauzaji hawautaji, na ufuoni mwa ziwa udhaifu huo unaweza kukulaza hospitalini. Kitandani, godoro hukukinga upande wote wa chini bila wewe kulifikiria. Ndani ya machela, mgongo, makalio na nyuma ya mapaja vimebanana na kitambaa chembamba, na ng'ambo ya kitambaa hicho ni hewa tupu. Mbu hana haja ya kutafuta mwanya. Anatua chini yako, anapenyeza mdomo wake katikati ya nyuzi, anakunywa, anaondoka. Mtu anaweza kutandaza chandarua kizuri juu, akakiingiza vizuri kila pembe, akalala akiamini yuko salama, kisha akaamka mgongo umejaa vipele. Anayetaka kulala vizuri Nyakach aichague machela yake kuanzia chini kwenda juu.

Si suala la kujikuna tu. Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya malaria wa mwaka 2020 ulikuta kwamba katika Kenya nzima, watoto 6 katika kila 100 wenye umri wa kati ya miezi 6 na miaka 14 walikuwa na vimelea vya malaria mwilini. Katika kaunti za ukanda wa ziwa walikuwa 19 katika kila 100. Mkazi wa Nyakach aliyekua akiumwa malaria mara kwa mara huwa amejenga kinga fulani mwilini, ingawa kinga hiyo haimwondolei hatari yote. Kijana aliyelelewa Nairobi hana kinga hiyo hata kidogo, na haijalishi kwamba babu yake amezikwa Nyabondo. Ndiyo maana likizo ya Desemba huwarudisha watu wengi mjini wakitetemeka kwa homa.

Jina la Kisumu linajulikana katika maabara za wadudu duniani kote, na Wakenya wachache wanajua sababu. Miongo kadhaa iliyopita wanasayansi walichukua mbu wa aina ya Anopheles gambiae kutoka Kisumu, wakawafuga, na uzao wao umeendelezwa hadi leo chini ya jina hilohilo la Kisumu. Mbu hao hawajawahi kujenga usugu dhidi ya dawa, kwa hiyo ndio kipimo: chandarua kipya chenye dawa kikishindwa kumwangusha mbu wa Kisumu, hakifai. Ndugu zao waliobaki mashambani wameenda njia nyingine. Miaka mingi ya dawa za jamii ya pareto imewapa wengi wao usugu, na kwa sababu hiyo baadhi ya vyandarua vinavyogawiwa magharibi mwa Kenya huongezwa kemikali ya PBO, ambayo huizuia miili yao kuivunja dawa.

Na mazalio hayakosekani. Skimu ya mpunga ya Ahero, iliyoanza mwaka 1969, huweka maji yaliyotulia juani kwa miezi. Nyabondo kuna mashimo yaliyochimbwa kwa ajili ya kufyatua matofali, na shimo lililoachwa hujaa mvua ya kwanza. Hata alama za kwato za ng'ombe kwenye njia ya kwenda kunywa maji zinatosha. Wenye kuambukiza malaria hapa ni jamii tatu zinazotofautiana tabia. Anopheles gambiae na Anopheles funestus huwinda zaidi usiku mkubwa, hupenda damu ya mtu na hupenda kuingia nyumbani. Anopheles arabiensis huridhika na ng'ombe, huuma nje, na huanza mapema jioni watu wakiwa bado wanapika na kuzungumza. Katika eneo la Asembo, watafiti waliona kwamba vyandarua vilipoenea, gambiae alipungua mno na arabiensis akabaki. Yule aliyebaki ndiye anayemsubiri mtu aliyelala nje.

Hapo ndipo machela inapoacha kuwa starehe ya wapiga kambi peke yao. Fikiria watu wanaolala nje kando ya ziwa hili. Wavuvi wa omena hukesha majini usiku wa giza na kujinyoosha ufuoni alfajiri. Kuna walinzi wa maduka ya Pap Onditi, na kuna waombolezaji ambao desturi inawataka wakeshe kwenye matanga siku kadhaa, vichwa vikiegemea viti vya plastiki. Mwaka 2020, na tena 2024, ziwa lilipanda na mito ikafurika, familia za Nyando na Nyakach zikahamia shuleni na makanisani zikiwa na mikeka na masufuria. Chandarua cha nyumbani kilitengenezwa kwa kitanda kilichopo chini ya paa, penye misumari minne ya kufungia. Nje hakuna pa kukining'iniza. Kinachohitajika ni malazi yanayobeba chandarua chake yenyewe.

Ukanda huu huu ndio ulioufundisha ulimwengu thamani ya chandarua. Mwishoni mwa miaka ya 1990, watafiti wa KEMRI na wenzao wa CDC ya Marekani waligawa vyandarua vilivyotiwa dawa ya permethrin katika vijiji vya Asembo na Gem, kaskazini mwa ghuba. Vifo vya watoto wa chini ya miaka 5 vilipungua kwa takriban asilimia 16. Lililowashangaza wengi ni kwamba familia zisizo na vyandarua, zikiwa zinaishi ndani ya mita 300 kutoka kwa wenye navyo, nazo zilipata nafuu, kwa kuwa mbu wenyewe walikuwa wamekufa. Kuhusu machela hasa, majaribio yalifanyika mbali na hapa. Katika misitu ya Venezuela, Wayanomami, ambao hulala kwenye machela tangu enzi za mababu zao, walipewa vyandarua vya machela vyenye dawa na maambukizi yakapungua kwa zaidi ya nusu. Huko Vietnam, katika mkoa wa Ninh Thuan, machela zenye chandarua chenye dawa ziligawiwa kwa watu wanaolala mashambani msituni, na malaria ikashuka. Sioni kwa nini mvuvi wa Winam asifikiriwe vivyo hivyo.

Sasa tuingie sokoni. Kosa la kwanza la wanunuzi ni urefu. Machela nyingi za bei nafuu hazifiki mita 2.7, na mtu wa kimo cha kawaida akilala humo mgongo hupinda na magoti hukakamaa. Tafuta yenye mita 3.3 hivi na upana wa mita 1.5 au zaidi. Urefu huo unakuwezesha kulala mshazari, kichwa kikielekea upande mmoja wa kitambaa na miguu upande wa pili, na hapo mwili hunyooka karibu kama kitandani. Hii ndiyo siri yote ya starehe ya machela, na anayelala moja kwa moja katikati ya kitambaa hataijua hata akinunua ya bei kubwa kiasi gani. Zile zenye fito mbili za mbao kwenye ncha, zinazopendeza barazani, ziache hukohuko barazani. Hupinduka mtu akijigeuza, na ni vigumu mno kuzifungia chandarua.

Usiivute ikakaza. Mtu mwenye kilo 70 akifunga mikanda ikainama kwa pembe ya nyuzi 30, kila mkanda hubeba takriban kilo 70. Akiikaza hadi nyuzi 10 ili ionekane imenyooka, kila upande hubeba karibu kilo 200, na hapo fundo hukatika au mti hutikisika. Acha ilegee kwa raha. Wazoefu hufunga kamba nyembamba juu ya machela, kutoka ncha hadi ncha, yenye urefu wa karibu asilimia 83 ya urefu wa kitambaa. Kwa machela ya mita 3.3 ni kama mita 2.7. Kamba hiyo huhakikisha ulegevu ni uleule kila mahali unapolala, na ndiyo itakayobeba chandarua. Upande wa miguu uinue kidogo kuliko wa kichwa, la sivyo utaamka umeteleza hadi mwisho. Ukikaa katikati, makalio yawe kwenye kimo cha kiti.

Kitambaa cha nailoni nyepesi hukauka haraka na hakiozi, nacho ni chepesi begani. Pamba ni laini na nene zaidi, lakini ikilowa mvua ya jioni inabaki nzito hadi kesho yake. Nyavu zilizofumwa kwa kamba, zile zenye matundu makubwa, ni nzuri mchana chini ya mwembe na hazifai kabisa usiku karibu na maji. Ningechagua nailoni yenye tabaka mbili, yenye nafasi ya kuingiza sponji katikati. Kipande cha sponji cha inchi 1 kinafanya kazi mbili kwa mpigo. Kwanza, mdomo wa mbu haukipenyi. Pili, kinazuia baridi, kwa maana usiku upepo huteremka kutoka milimani kwenda ziwani, ukipita chini ya mgongo wako, na watu wengi hawaamini kwamba mtu anaweza kutetemeka Nyakach hadi yanapofika majira ya saa kumi alfajiri. Blanketi ulilolalia halisaidii sana dhidi ya baridi kwa kuwa linagandamizwa na uzito wa mwili, ingawa ni afadhali kuliko kitambaa kitupu mbu anapokuja.

Kuhusu chandarua, yapo maumbo mawili. Moja limeshonwa juu ya machela na hufungwa kwa zipu. Hilo ni rahisi kutumia, nalo linakuacha wazi chini isipokuwa una sponji. La pili ni mfuko mrefu unaoizunguka machela yote, juu na chini, ukifungwa kwa kamba kwenye ncha zote mbili. La pili ndilo la ziwani. Fundi cherehani yeyote wa soko la Kibuye mjini Kisumu anaweza kulishona: kitambaa cha neti chenye urefu wa mita 4 na upana wa mita 3 na ushei, kiunganishwe kiwe kama mrija, kitiwe zipu ndefu ubavuni na uzi wa kukaza kila mwisho. Mwambie asibanie upana. Neti ikigusa kitambaa cha machela chini yako, mbu atauma kupitia vyote viwili, na kazi yote itakuwa ya bure. Iache ining'inie mbali na mgongo kwa upana wa kiganja angalau. Na tafadhali, usikate chandarua ambacho mtoto wa nyumba fulani angelala ndani yake. Vile vinavyogawiwa na serikali vina wenyewe.

Angalia pia ukubwa wa matundu. Neti ya kawaida ya mbu ina matundu 156 kwa kila inchi mraba, na mbu hapiti. Usubi hupita. Vijidudu hivyo vidogo vinavyouma jioni karibu na matope na mafunjo vinahitaji neti ya matundu madogo zaidi, ambayo kwa upande wake huzuia upepo na kuongeza joto. Karibu na kinamasi nitachagua joto. Juu Nyabondo, kwenye upepo, neti ya kawaida yatosha.

Machela na mfuko wake vinaweza kupuliziwa permethrin, dawa iliyotengenezwa kwa kuiga sumu ya ua la pareto linalolimwa nchini kwetu. Pulizia nje kwenye hewa, acha ikauke kabisa kivulini kabla ya kulalia. Dawa hii ni sumu kali kwa samaki, kwa nyuki na kwa paka. Kamwe usisuuze machela wala chandarua chenye dawa kwenye ziwa au mto Sondu-Miriu; fulia kwenye beseni na maji uyamwage mbali, kwenye udongo usio na mkondo. Ngozini tumia dawa ya kupaka yenye DEET kuanzia jua linapozama, kwa sababu ya yule arabiensis wa mapema, lakini nawa viganja kabla ya kushika zipu na miwani, maana DEET huyeyusha baadhi ya plastiki.

Wazee wa huku wana moshi wao. Majani ya mrehani wa porini huwekwa juu ya makaa, nyumba ikajaa harufu. Watafiti wa ICIPE, taasisi aliyoianzisha Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970, waliipima desturi hiyo kwenye kituo chao cha Mbita na wakathibitisha kwamba mimea hiyo hupunguza kweli idadi ya mbu wanaoingia ndani. Hupunguza, haimalizi. Na nje, penye upepo, moshi huenda unakotaka, si ulipo wewe. Kisiwani Rusinga, kati ya mwaka 2012 na 2015, mradi wa SolarMal uliweka mitego yenye harufu iliyoigwa ya binadamu kwenye nyumba, ikiendeshwa kwa umeme wa jua, na maambukizi yakashuka kwa karibu asilimia 30. Somo kwa mlala nje ni kwamba mbu hufuata pumzi na harufu ya mwili wako. Kuzima taa hakumzuii.

Taa zina shida nyingine. Kuna siku ambapo juu ya ziwa huinuka wingu jeusi linaloonekana toka mbali, na wageni hudhani ni mashua inaungua. Ni sami, vijidudu vya ziwani ambavyo viluwiluwi vyake hukulia majini na kuruka kwa mamilioni, hasa mwezi unapoandama. Haviumi. Lakini vitaziba chandarua chako, vitajaa kwenye chai, na vitaingia puani ukiwasha taa nyeupe. Tumia mwanga hafifu mwekundu, au kaa gizani hadi upepo uvisukume. Huko Bondo, Profesa Monica Ayieko wa Chuo Kikuu cha Jaramogi Oginga Odinga amefanya utafiti wa miaka mingi wa kuwageuza wadudu wa ziwani kuwa chakula cha binadamu, na ng'ambo ya Uganda hukandwa wakawa mikate. Hawa ni majirani wa kuvumiliwa.

Siafu je? Machela inakuweka juu yao, na hiyo ni neema, ila hupanda mti na kufuata mkanda moja kwa moja hadi kichwani pako. Kagua shina kabla ya kufunga. Paka mafuta mazito ya kujipaka kwenye mkanda, kiasi cha upana wa kiganja, kila upande. Hapohapo funga uzi mfupi unaoning'inia, ili maji ya mvua yanayoteremka mkandani yadondokee nje badala ya kukulowesha mabega.

Ukivuka Homa Bay hadi Hifadhi ya Taifa ya Ruma, bonde la Lambwe, mdudu wa kuogopwa ni mbung'o, naye huuma mchana. Huvutwa na rangi ya buluu na nyeusi, na ndiyo maana mitego yake hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Machela ya buluu iache nyumbani. Chukua ya rangi ya udongo.

Miti ya Nyakach inatosha. Ober, siala na mwembe mkubwa hushika uzito vizuri, ukitumia mkanda mpana wa sentimita 2.5 au zaidi ili usilikate ganda. Mkaratusi mzee hudondosha matawi bila onyo. Mnyaa wa uani usiuguse kabisa: utomvu wake mweupe ukiingia jichoni unaweza kuharibu uwezo wa kuona. Mti ulio pekee katikati ya tambarare nao haufai, kwa kuwa mvua za jioni za huku huja na radi kali. Ufuoni, tazama majani yaliyolala na nyayo za mviringo zinazotoka majini. Hiyo ni njia ya kiboko, na kiboko hupita njia yake kila usiku bila kuuliza nani ametundika nini. Kaa mbali, juu kwenye makazi ya watu. Na kabla ya kufunga kamba kwenye boma la mtu, mwamkie mwenye boma, umweleze unakotoka na umwombe. Wengi watashangaa kwa nini unakataa kitanda cha ndani, watakulisha kwanza, kisha watakuonyesha mti.

Kabla ya safari, muulize daktari kuhusu vidonge vya kuzuia malaria, hasa mjamzito na mtoto mdogo. Mjamzito ni vyema aahirishe kulala nje ziwani. Hakuna machela wala neti inayoziba kila tundu. Vimelea hukaa mwilini angalau siku 7 kabla ya homa ya kwanza, mara nyingi siku 10 hadi 14, wakati mwingine zaidi ya mwezi, yaani utakuwa umesharejea kazini Nairobi au Eldoret na kambi umeisahau. Homa ikikujia katika kipindi hicho, nenda ukapimwe damu siku hiyohiyo, na jambo la kwanza umwambie daktari ni kwamba ulilala nje Nyakach.